Nundu kama punje ya kunde: wasomaji wanauliza kuhusu paka na kansa

SWALI: Shikamoo dokta. Naandika huku mikono inatetemeka, naomba unisamehe kama nitachanganya mambo. Nina paka jike anaitwa Bibi, ana miaka 9, nilimuokota soko la Mgandini hata macho hajafungua vizuri nikamlea kwa bomba la sindano na maziwa, kwa hiyo huyu kwangu sio paka tu. Mwezi wa tatu usiku namkuna tumbo nikagusa kitu kigumu karibu na chuchu, kadogo kama punje ya kunde. Nikampeleka kwa mtu wa dawa za mifugo akasema hilo jipu, akachomwa antibayotiki siku tano, halikupungua, na mi nikakaa mwezi na nusu nasubiri lipasuke lenyewe. Saa hizi limefika kama gololi na kuna kengine kadogo pembeni. Nikamtia kwenye kikapu nikapanda naye basi mpaka Dar, wakamtoboa na kasindano wakaangalia kwenye darubini wakaniambia kansa ya matiti, wanataka kumkata upande mzima, laki nne, halafu ndo tuongelee kemo, zile dawa kali za kansa. Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Kinachoniua zaidi, miaka minne nimekuwa nampeleka achomwe ile sindano ya kuzuia mimba sababu nilimwonea huruma asipasuliwe kizazi, sasa nasikia ndo inaleta hii kitu. Ni mimi nimemuua? Mama mkwe anasema hela hiyo ni ada ya mtoto, paka wamejaa mtaani. Na mwanangu wa miaka 6 analala naye, hataambukizwa? Nimpasue au nimwache ajifie kwa heshima yake?
Mama Nasra, Tanga

JIBU: Marahaba mama Nasra, na pole sana mdogo wangu. Naanza na mtoto ili hiyo uitoe kichwani: kansa ya matiti ya paka haimwambukizi mtu, haiambukizi hata paka mwingine. Nasra aendelee kulala na Bibi wake.

Sasa la sindano, najua ndo linakukosesha usingizi. Sitakudanganya. Zile homoni za kuzuia mimba zinaongeza hatari ya uvimbe wa matiti kwa paka, na paka aliyefungwa kizazi kabla hajafikisha miezi 6 hatari yake inashuka kwa karibu asilimia 91, akifungwa kabla ya mwaka inashuka karibu asilimia 86, akishapita miaka miwili faida hiyo hamna tena. Lakini sikiliza, wewe ulimwonea huruma kisu, ukaenda kwa mtu anayejiita mtaalamu ukalipa hela yako akakuchomea, na hakukwambia kitu. Alotakiwa kukwambia ni yeye. Na wapo paka ambao hawakuchomwa hata mara moja wakaupata ugonjwa huu huu, kwa hiyo hakuna daktari duniani atakayeweza kukwambia kwa uhakika kwamba cha Bibi kimetokana na hizo sindano. Neno "nimemuua" naomba usilirudie, hasa mbele ya mtoto.

Tuje kwenye gololi. Chukua rula leo hii ukalipime, usisubiri kesho. Kwa mbwa nusu ya nundu za matiti huwa hazina ubaya, ila kwa paka mambo sivyo, kati ya kumi nane au tisa ni kansa, na ukubwa wa nundu siku inapotolewa ndo unasema mengi kuliko kitu kingine. Ikitolewa haijafika sentimita 2 paka wengi wanapata miaka, hata mitatu na zaidi, ikishapita sentimita 3 tunaanza kuongelea miezi. Sikwambii haya ili ujute ule mwezi na nusu. Nakwambia ili mwezi mwingine usipite.

Kabla hujakubali kisu uliza kitu kimoja, wamempiga eksirei ya kifua? Kwenye barua yako sijaiona. Kansa hii inapenda kukimbilia mapafuni na kwenye tezi za kwapani, na kama imeshafika mapafuni kumpasua ni kumtesa bure na kutupa hela, hapo tunamtibu maumivu tu. Kama kifua ni safi, na figo na damu ziko vizuri, mimi ningekuwa wewe ningempasua. Najua upande mzima unatisha. Paka ana matiti manane, manne kila upande, na yale ya upande mmoja yanaunganishwa na njia ambazo kansa inasafiria, ukitoa nundu peke yake mara nyingi inarudi pale pale kwenye kovu. Na nyama iliyotolewa isitupwe, waambie waipeleke maabara, sababu kasindano kale kanachota chembe chache tu na kuna uvimbe mwingine wa matiti unaoletwa na homoni hizo hizo ambao sio kansa kabisa (ila ule huwa unavimbisha matiti mengi kwa mpigo, tena zaidi kwa paka wadogo, sio kakunde kamoja kagumu kwa paka wa miaka 9, kwa hiyo sikupi tumaini la uongo).

Kemo kwa paka sio ile uliyoiona kwa binadamu. Dozi ni ndogo, nia ni kumwongezea siku nzuri, manyoya mengi hayadondoki ila sharubu zinaweza kudondoka, na anaweza kukosa hamu ya kula siku mbili tatu. Dawa inayotumika sana kwa kansa hii inaitwa doksorubisini, inaingia kwenye mshipa kila wiki tatu hivi, na inataka figo zichungwe. Faida yake juu ya operesheni madaktari wenyewe hawakubaliani sana. Ndo maana nakwambia wazi, kama hela yako inatosha kitu kimoja, iweke kwenye eksirei na operesheni iliyofanywa vizuri. Ukifika kwenye kemo, siku chache baada ya kila dripu mchanga wake wa choo ushikwe kwa glavu, mtoto asiuguse, na mjamzito yeyote akae nao mbali kabisa.

Akirudi nyumbani atakuwa na mshono mrefu kutoka kwapani mpaka pajani, utalia ukiuona, ni kawaida. Mvalishe koni ya shingoni au fulana ya mtoto mchanga iliyotobolewa miguu asijilambe nyuzi, mfungie chumba kisicho na kabati la kurukia siku kumi mpaka kumi na nne, chakula kipashwe moto kidogo kinukie, kibua aliyechambuliwa miiba anafanya kazi kuliko chakula cha kopo cha bei mbaya. Akikaa siku mbili hajala usisubiri ya tatu, ini la paka likikosa chakula linajaa mafuta na hilo peke yake linaua. Na PANADOL USIMPE. Hata robo. Hata ya maji ya watoto. Diklofenaki na ibuprofeni nazo hapana. Usitoke hospitali bila dawa ya maumivu ya paka mkononi, na kama hawana chochote tafuta pengine pa kumpasulia. Morogoro pale Chuo cha Sokoine wanafundisha udaktari wa wanyama na wana hospitali, unaweza kuwauliza kabla hujalipa kokote.

Mama mkwe. Hela ni hela kweli, ada ni ada, siwezi kukaa hapa nikakwambia uache mtoto arudishwe nyumbani kwa kukosa ada. Kaeni wewe na mumeo mkubaliane kiasi, mkiandike, kabla hamjarudi Dar, sababu ukiwa pale mapokezi na Bibi analia kwenye kikapu utasema ndiyo kwa kila kitu. Na kama kiasi hicho hakifiki operesheni, kutompasua sio ukatili. Unamtuliza maumivu, unaishi naye, na unampumzisha kwa sindano ya daktari mapema, kabla nundu haijapasuka. Hapo ndo sikubaliani na hiyo "ajifie kwa heshima yake". Kwa joto letu la pwani nundu ikipasuka inatoa harufu, nzi wanafika siku hiyo hiyo, na baada ya nzi ni funza. Nimeshawatoa kwa mkono, mmoja mmoja, kwa paka ambaye bado alikuwa ananguruma kwa raha nikimgusa kichwa. Hakuna heshima pale.

Majirani waache wacheke. Sisi watu wa pwani tumekua na kisa cha yule mwanamke aliyemfungia paka bila chakula mpaka akafa, na tunajua aliishia motoni, na tunajua sahaba wa Mtume, Abu Huraira, aliitwa baba wa kipaka. Hayo usimrushie mama mkwe kama jiwe, ila yakae moyoni mwako siku unayojiona umechanganyikiwa kumlilia mnyama.

Kuhusu kuijua siku yenyewe, mi nitakupa nilichokifanya kwa dume langu. Lilipata kansa ya utumbo, tukaishi na vidonge karibu mwaka na miezi miwili, kidonge nakificha kwenye minofu ya kibua (vile vya kemo usivisage wala kuvikata, na vaa glavu). Nikaandika vitu vitatu alivyokuwa anavipenda: kunipokea mlangoni nikivua viatu, kujilamba mpaka mgongoni baada ya kula, kukalia gazeti langu. Kila jioni natia alama kwenye kalenda kwa kila alichokifanya siku hiyo. Paka anaficha maumivu, halii, anajikunja tu kama mkate, macho nusu, manyoya yanakuwa makavu yamegandana sababu hajilambi tena, kwa hiyo ukimwangalia kwa macho ya mapenzi utajidanganya kila siku. Kalenda ilinikatalia kujidanganya. Ilipofika wiki nzima alama ni mbili tu nikajua.

Na Nasra mwambie ukweli kwa lugha yake, Bibi ana ugonjwa tumboni, tunajaribu dawa, anaweza akapona anaweza asipone. Siku ikifika usimwambie "amelala". Mtoto wa miaka 6 ataogopa kulala.

SWALI: Dokta hujambo, nipo Unguja. Paka wetu mweupe pe, masikio ya pinki, ncha ya sikio moja ina kidonda hakiponi toka Ramadhani, kinakauka kinafanya gamba anakikuna kinatoa damu tena. Tunapaka mafuta ya nazi na ile dawa ya bluu. Jirani kasema aligombana na dume. Ni kweli?
Bi Mkubwa, Unguja

JIBU: Sijambo Bi Mkubwa. Kidonda cha ugomvi kinapona ndani ya wiki mbili tatu, hicho kimekataa, na paka mweupe mwenye masikio ya pinki kwenye jua la Unguja kwanza namfikiria kansa ya ngozi ya jua. Inaanza hivyo hivyo, ncha ya sikio, pua, kope. Mpeleke wiki hii. Habari njema, na naisema kwa furaha, ya sikio ikiwahiwa inakatwa sikio lenyewe na wengi wanapona kabisa, atakaa na kichwa cha duara kama bundi mdogo na mtamzoea siku tatu. Baada ya hapo kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni asianikwe barazani, na msimpake krimu za jua za watu, nyingi zina zinki, akiilamba inamdhuru.

SWALI: Daktari, habari. Paka wangu ana miaka 13, kansa ya mdomo, chini ya ulimi, taya imevimba hawezi kula, daktari ameniambia kwa huruma hakuna kitu imebaki, tumepanga kumpumzisha kwa sindano Ijumaa. Watu wangu wananiambia nimwache kliniki niende, eti mwanaume akilia hapo ni aibu na paka atajua. Mimi sitaki akuwe peke yake. Niingie ama nisiingie?
Baba Kevin, Nakuru

JIBU: Ingia, ndugu yangu. Kansa ya chini ya ulimi ni katika zile mbaya kabisa kwa paka, daktari wako amekwambia ukweli na umeamua vizuri, kumwacha afe njaa huku anatamani kula ndo kungekuwa kubaya.

Nikueleze itakavyokuwa ili lisikushtue jambo. Mwombe daktari amchome kwanza dawa ya usingizi, akiwa mapajani mwako, atalegea dakika chache. Kitambaa anacholalia nyumbani nenda nacho, usikifue. Akishalala kabisa ndo inaingia ya pili kwenye mshipa, na inaenda haraka, watu wengi wanasema "tayari?" Macho hayafungi, yatabaki wazi. Anaweza kuvuta pumzi moja au mbili kubwa baada ya moyo kusimama, au msuli wa mguu ukacheza, au mkojo ukatoka, hiyo ni misuli tu, yeye hayupo tena na hasikii kitu. Weka mkono nyuma ya masikio pale anapopapenda uache hapo hapo. Ukilia, lia tu, daktari ameshaona wanaume wengi wakilia kwenye ile meza na hata mmoja wao hakumdharau.

Ukimzika nyumbani chimba chini, mita moja hivi, uweke mawe juu kabla ya udongo. Ile dawa inabaki mwilini, na mbwa wa jirani akimfukua akala anaweza kufa. Na mwambie Kevin aje kushika jembe kama anataka, usimfiche.