Jiandaeni kwa baridi kwanza, trauti baadaye

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: marafiki sita wa Nairobi wanataka kulala porini siku tatu, mbali na hoteli na kelele, na kula samaki waliowavua wenyewe, waende wapi, na wabebe nini? Mimi ningewatuma nyanda za juu za Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, kwenye mito ya Chania, Gura, Karuru na Magura. Lakini wengi wanaokwenda huko humaliza wiki nzima wakisaka fito za kuvulia na dakika tano wakifikiria blanketi. Samaki wapo. Kinachowarudisha watu mjini kabla ya siku zao kuisha ni baridi, matope na tumbo.

Samaki mwenyewe ni trauti, na hakuzaliwa kwetu. Mayai yake yaliletwa kutoka Uskoti na Ewart Grogan mwaka 1905, yakatiwa mto Gura. Ni samaki wa maji baridi yenye oksijeni nyingi. Maji yakifika nyuzi 20 hivi anaanza kutaabika. Ndiyo sababu mito ile ile ikishateremka hadi mashambani humpati tena, na ndiyo sababu mtamfuata zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700, kwa hivyo miili yenu itapanda zaidi ya mita 1,300 kabla ya chakula cha mchana. Kichwa kuuma kidogo si ajabu. Kunyweni maji, pombe ingoje usiku wa pili, na yeyote atakayeanza kutapika na kuyumba ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku na hata kama ndiye mwenye gari.

Njia ni mbili. Ya kwanza inapitia Thika na Karatina hadi Nyeri, kilomita 150 hivi, kisha mnapanda hadi lango la Kiandongoro. Ya pili inaacha barabara ya Nakuru pale Flyover, inapita Njabini na Engineer hadi Ndunyu Njeru, halafu lango la Mutubio. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na kuchelewa hakuna msamaha. Ondokeni mjini saa kumi na moja alfajiri. Malipo ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) ni ya eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, hakuna pesa taslimu, kwa hivyo lipeni mkiwa bado mna mtandao. Kusimama langoni ukinyoosha simu juu kutafuta laini ni aibu inayoepukika. Leseni ya kuvua ni kitu tofauti na tiketi ya kuingia. Iulizieni KWS mapema, pamoja na askari wa kuwasindikiza mtoni, maana nyati wa huko hujificha vichakani kando ya maji na humwoni mpaka umemkaribia mno.

Probox ni gari shujaa, lakini hili si shamba lake. Mnahitaji magari mawili yanayovuta kwa magurudumu yote manne, si moja lililojazwa, kwa sababu likizama mojawapo lingine ndilo winchi yenu. Bebeni kamba ya kuvutia, sepetu, mbao mbili za kuweka chini ya tairi na pampu ya upepo. Kwenye utelezi punguzeni upepo wa tairi kutoka pauni 32 hadi 22 hivi ili tairi likanyage kwa upana, kisha mjaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Mkiteremka mlima wenye matope, wekeni gia ndogo na muache injini ishike gari. Anayekanyaga breki hapo atateleza kiubavu hadi mtaroni. Miezi ya kwenda ni Januari na Februari, au Juni hadi Septemba mkivumilia ukungu. Machi hadi Mei msijaribu: barabara zinakuwa mito, na mito inakuwa chai ya maziwa ambamo samaki haoni chambo.

Sasa baridi. Usiku wa nyanda zile kipimo kinaweza kushuka hadi sufuri, na asubuhi nyasi zikawa nyeupe. Kosa la watu wa Nairobi ni godoro la kujaza upepo. Hewa iliyo ndani yake hupoa kama hewa ya nje, kisha inazunguka chini ya mgongo wako usiku kucha ikinyonya joto. Sponji ya inchi mbili inashinda, na chini yake tandikeni blanketi moja zito. Kanuni ni rahisi: ukiwa na blanketi tatu, mbili ziende chini. Mfuko wa kulalia uwe wa kuhimili angalau nyuzi tano chini ya sufuri. Nguo za mchana zina jasho hata ukiziona kavu, kwa hivyo badilisha zote, pamoja na soksi, kabla jua halijazama.

Usifunge hema likazibika kabisa. Pumzi ya watu wawili inageuka maji, yanagandamana kwenye kitambaa cha juu na kuwadondokea alfajiri, na blanketi lililolowa halina faida. Acha tundu la juu wazi, upana wa kiganja. Na jiko la makaa lisiingie hemani hata kama limebakiwa na majivu tu yanayong'aa. Kaboni monoksidi haina harufu wala haikuamshi. Watu hulala wakiota moto na hawaamki.

Upande wa mapishi, mtungi wa gesi wa kilo sita wenye meko juu yake unawatosha sita kwa siku tatu na kubaki. Vile vikopo vidogo vya gesi ya byuteni viacheni dukani, kwani karibu na nyuzi sufuri byuteni haitaki kugeuka mvuke na moto unafifia kama mshumaa. Kumbukeni pia kwamba kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi. Maharagwe makavu yatawachekea mpaka usiku. Chemsheni githeri nyumbani, muigandishe, huko iwe ni kukaanga tu. Wali unaiva, ila polepole. Funikeni sufuria na muweke jiwe juu ya kifuniko. Ugali hauna shida, kilo moja na robo ya unga kwa watu sita wenye njaa. Maji ya mto yanang'aa kama kioo, lakini juu kidogo nyati amesimama ndani yake. Yakianza kutokota hesabuni dakika tatu kamili ndipo muyaepue.

Chupa za plastiki za kutupwa zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020, na mifuko ya plastiki nchi nzima tangu 2017. Bebeni maji kwa jerikeni mbili za lita 20, unga na sukari kwenye mikebe, takataka kwenye gunia linalorudi nanyi Nairobi.

Uvuvi wenyewe, kama nilivyosema, ndio mwepesi. Chambo ni nzi bandia, si minyoo. Kenya imewatengeneza nzi hawa kwa ajili ya wavuvi wa Uingereza na Marekani kwa miaka mingi, kwa hivyo kununua wa kutoka nje ni kulipia nauli ya ndege ya mdudu wetu wenyewe. Mweusi mdogo aitwaye Kenya Bug, ndoana nambari 10 hadi 14, atawafaa kuliko sanduku zima la rangirangi. Ufito wa futi saba au nane, mshipi nambari 4 au 5, na mbele yake uzi mwembamba usioonekana wa futi saba hivi, unaokatika kwa kilo mbili. Fito tatu zinatosha watu sita. Kila mara kuna wawili wanaopenda kuangalia moto.

Msiamke gizani kwenda mtoni. Wadudu ambao trauti hula huanza kutembea jua likishapasha maji joto, kuanzia saa nne hivi, na alfajiri ni zamu ya wanyama kunywa. Mito hii ni myembamba na kingo zake zina vichaka, kwa hivyo anayerusha mshipi kwa mbwembwe nyuma ya bega atatumia asubuhi akinasua ndoana kwenye matawi. Mita nne au tano zinatosha. Trauti hulala akielekea mkondo, akingoja chakula kimjie. Basi mjie kutoka nyuma, ukipanda mto, umeinama, na nzi wako umtupe mbele yake kidogo, upande maji yanakotoka, ili ashuke na maji. Angalia pale uzi unapoingia majini. Ukisita, au ukienda kando kinyume cha mkondo, inua ncha ya ufito, usivute kwa nguvu. Anayevuta kwa nguvu hukata uzi na kumwacha samaki na ndoana mdomoni. Bana kimiba cha ndoana kwa koleo kabla ya kuanza, na mdogo unayemrudisha mshike kwa mikono iliyolowa, kwa maana mkono mkavu unabandua utelezi unaomkinga na magonjwa.

Wa kula mgonge kichwani mara moja, mpasue hapo hapo, na ukucha wa kidole gumba upitishe kwenye mstari mweusi wa damu ulioshikana na uti wa mgongo. Ukiuacha, nyama inakuwa chungu. Chumvi, dania na kipande cha limau tumboni, mfunge kwenye karatasi ya aluminiamu, dakika kumi juu ya makaa ukimgeuza mara moja. Jicho likiwa jeupe kabisa, ameiva. Matumbo na vichwa visilale kambini, kwani fisi wananusa mbali na chui hapigi hodi. Muulizeni askari pa kuvipeleka.

Kama magari ya kupanda hayapatikani, nendeni Bwawa la Masinga kwa ngege na kambare. Huko tatizo si baridi, ni mamba na kiboko, na hilo lina maandalizi yake mengine.

Msomaji, Nairobi