Mizigo "inawezwa" kukaguliwa?

Swali: Nachapa matangazo katika duka la steshenari mjini Morogoro. Mteja ameleta tangazo la Kiingereza litakalobandikwa ofisi ya mabasi, anataka niligeuze Kiswahili. Sentensi ya kwanza nimeandika "Mizigo yote inapaswa kukaguliwa kabla ya kupakiwa". Mwenzangu anasema ni bora "lazima ikaguliwe". Ya pili inatoa ruhusa kwa mkaguzi, nikaandika "Mzigo unawezwa kufunguliwa wakati wowote", maana niliona kitendo kikiwa cha kutendwa basi na "weza" nayo ifuate. Ya tatu ni katazo: "Mizigo si lazima iachwe njiani." Bosi alicheka, ila hakunieleza kosa liko wapi. Naomba msaada.

Jibu: Tuanze na hiyo ya tatu, maana bosi wako alikuwa na haki ya kucheka. Abiria akisoma "mizigo si lazima iachwe njiani" ataelewa kwamba halazimishwi kuacha begi lake katikati ya viti, lakini akipenda, aliache tu. "Si lazima" huondoa wajibu, haikatazi. Kosa limetokana na Kiingereza, ambako neno la kukanusha hukaa palepale baada ya kitenzi kisaidizi, iwe linakanusha wajibu au linakanusha kitendo chenyewe, na msomaji ndiye anayejua linakwenda wapi. Sisi tunalipeleka mahali linapofanya kazi. Ukikanusha wajibu unapata "si lazima iachwe". Ukikanusha kitendo unapata "lazima isiachwe", au kwa ufupi unaotosha kabisa, "isiachwe".

Kwenye basi ni kichekesho, kwenye pakiti ya dawa ni hatari. "Kidonge si lazima kitafunwe" maana yake ukitaka tafuna, ukitaka meza. "Kidonge kisitafunwe" ni amri. Anayetafsiri maelezo ya dawa akichanganya hizi mbili, kumeza dawa vibaya hakutakuwa kosa la mgonjwa.

Sasa "unawezwa". Neno lenyewe lipo na ni Kiswahili safi, ila lina kazi yake. Tunasema "mtoto yule hawezwi na mtu", yaani hakuna anayemmudu. "Kazi hii haiwezwi na mtu mmoja". Hapo anayewezwa ni mtoto, inayowezwa ni kazi. Katika sentensi yako mzigo haumudiwi na mtu. Kinachotendwa juu yake ni kufunguliwa. Kwa hiyo alama ya kutendwa inakaa kwenye "fungua" peke yake: "unaweza kufunguliwa". "Weza" inabaki ilivyo.

Utaniuliza: mbona "inatakiwa kukaguliwa" ina alama mbili na hakuna anayelalamika? Swali zuri. "Takiwa" ni "taka" iliyokwisha kutendwa, na "paswa" ni "pasa" iliyotendwa. Wazee wangesema "yakupasa kuukagua mzigo", wajibu ukamwangukia mtu moja kwa moja. Tulipogeuza tukapata "napaswa", mimi niliyebebeshwa wajibu. Mpaka hapo hakuna ubishi. Kisha tukavuka hatua moja zaidi tukasema "mzigo unapaswa kukaguliwa", kana kwamba begi ndilo lenye wajibu. Wapo walimu wanaokunja uso wakiisikia. Mimi sikunji. Imeshaenea katika magazeti, sheria na mitihani, na hakuna msomaji anayedhani begi litakwenda lenyewe kwa mkaguzi.

Hata Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977 imefanya jambo la jamii hiyohiyo. Ibara ya 13 inasema "ni marufuku kwa mtu kuteswa". Ukiisoma kwa ukaidi wa kisarufi, aliyepigwa marufuku ni anayeteswa, siyo mtesaji! Hakuna wakili anayeisoma hivyo, na inaeleweka vizuri. Lakini inaonyesha kinachotokea tukiunganisha wajibu au katazo na hali ya kutendwa: mwenye kuwajibika anatoweka, na uzito wake unamwangukia aliyetajwa. Ndiyo maana ukimjua mtendaji, mara nyingi ni heri kumtaja na kuiacha hali ya kutendwa. Kwenye tangazo lako mkaguzi anajulikana. Isitoshe, "mzigo unaweza kufunguliwa wakati wowote" linasikika kama onyo kwamba kuna wezi. Andika "Mkaguzi anaweza kuufungua mzigo wakati wowote", na kama ni ruhusa hasa, "anaruhusiwa kuufungua".

Kuhusu "lazima", mwenzako hajakosea, lakini nawe hukukosea. Tofauti ni ya uzito. "Inapaswa" ina nafasi ya kujadiliana kidogo, "lazima" haina. "Haina budi kukaguliwa" iko karibu na "lazima", nayo inafaa zaidi kwa maandishi ya heshima. "Budi" ni njia ya kuepuka, ndiyo maana methali inasema lisilobudi hutendwa. Jambo la kuangalia kwenye "lazima" ni kitenzi kinachofuata. Kikiishia na "e" ni wajibu: "lazima begi lifunguliwe". Kikibeba wakati kinageuka kuwa kukisia: "lazima begi limefunguliwa, mbona zipu iko wazi?" Hapo hakuna aliyeamrishwa, mtu anasoma dalili tu. Nimeona barua ya ofisi iliyoandikwa "lazima fomu zimejazwa kabla ya Ijumaa", na wapokeaji wakatulia wakiamini kazi imekwisha.

"Inabidi" nayo ina mtego mdogo. "Mizigo inabidi ikaguliwe" inaonekana kama "inabidi" imekubaliana na mizigo, kumbe ni bahati tu ya viambishi kufanana. Weka magari uone: "magari inabidi yakaguliwe", siyo "magari yanabidi". Kinachobidi ni hali yenyewe, siyo gari. Kwa sababu hiyohiyo "nilibidi kuondoka", ambayo siku hizi tunaisikia sana, irudishwe kuwa "ilinibidi niondoke".

Hujaniuliza, lakini siwezi kuacha kuitaja njia ambayo Kiswahili huipenda kuliko hizo zote, nayo haina kitenzi kisaidizi hata kimoja. Pita mitaa ya Dar es Salaam utaona ukutani kumeandikwa kwa rangi kubwa "NYUMBA HII HAIUZWI". Mwenye nyumba hakuhitaji "hairuhusiwi kuuzwa" wala "haipaswi kuuzwa". Kutendwa kukikanushwa katika wakati uliopo kumebeba katazo zima, na tapeli na mnunuzi wote wamepata ujumbe. Ndivyo tunavyosema pia "mkubwa hajibiwi hivyo" au "nguo za msibani hazivaliwi harusini". Ni desturi inayozungumza, haijitambulishi.

Badilisha herufi chache tu uone nyumba inavyotukanwa: "nyumba hii haiuziki". Sasa hakuna anayekataza. Imekosa mteja, labda ina nyufa, labda jirani ana kelele. Kutendwa kunakumbusha kwamba yupo mtu nyuma ya kitendo, hata asipotajwa. Kutendeka kunamwondoa mtu, kunabaki uwezo wa kitu chenyewe. "Mlango haufungwi" ni agizo, "mlango haufungiki" ni kitasa kibovu. "Chakula hiki hakiliwi" pengine ni mwiko, "hakiliki" ni chumvi imezidi. Kwa hiyo anayetafsiri Kiingereza kwa kuandika "haiwezi kufungwa" kila mara anajinyima neno moja linalosema yote, na wakati huohuo anamwachia msomaji kazi ya kubahatisha kama tatizo ni sheria au ni kitasa.

Kwa wateja wa ng'ambo ya mpaka, jihadhari na "faa". Kenya utasikia "fomu inafaa kujazwa" kwa maana ya wajibu. Msomaji wa Tanzania ataielewa, ila kwanza atasikia kwamba fomu hiyo ni nzuri kwa kujazwa. Sisemi wamekosea, nasema tangazo la Morogoro liandikwe kwa masikio ya Morogoro.

Tangazo lako basi ningelichapa hivi:

"Mizigo yote ikaguliwe kabla ya kupakiwa. Mkaguzi anaruhusiwa kuufungua mzigo wowote, wakati wowote. Mizigo isiachwe njiani."

Mteja akisema limekuwa fupi mno na kwamba "lazima" imepotea, mrudishie "lazima" yake kwenye sentensi ya kwanza tu. Akiitaka na kwenye ya tatu, mkumbushe isomeke "lazima isiachwe", na tangazo lichapwe likiwa limesomwa kwa sauti mara moja mbele ya bosi.