Muasi ni nani? Swali kutoka Kigoma

Msomaji mmoja wa Kigoma kaniandikia hivi: "Mwalimu shikamoo. Mimi nauza dagaa, wateja wangu wengi wanatoka ng'ambo ya ziwa. Juzi nikamuuliza mmoja wa Uvira, huko Kongo, hivi waasi wa Mai-Mai siku hizi wakoje huko kwenu, jamaa akabadilika sura kabisa, akasema wale sio waasi, waasi ni M23, Mai-Mai ni watoto wetu. Nikanyamaza. Sasa naomba unieleweshe, muasi kwa Kiswahili ni nani hasa? Ni muasi au mwasi? Na redio wakisema wanamgambo ndo hao hao?"

Marahaba. Nimelipenda swali lako kwa sababu mteja wako kagusa jambo ambalo wengi wetu tunaoandika na kutangaza kwa Kiswahili tunalipita tu kila siku. (Kwa asiyejua, Mai-Mai na M23 ni makundi yenye silaha mashariki ya Kongo.)

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kuasi tumekitoa kwenye Kiarabu na maana yake ni kukataa kutii, na angalia kwamba hakisimami peke yake, lazima awepo anayeasiwa. Mtoto anamuasi mzazi, mja anamuasi Mungu (ndo maana ukiwa msikitini ukisikia maasi ujue ni madhambi), askari anamuasi mkubwa wake. Kwa hiyo kila ukisema muasi, kuna mtu wa pili umemtaja bila kumtaja, yule aliyestahili kutiiwa, na mteja wako alimsikia huyo mtu wa pili kwenye swali lako. Ni kama ulimwambia: Mai-Mai walitakiwa wamtii fulani wakakataa. Yeye anajiuliza, wamtii nani?

Kwetu mbona tunalijua hili vizuri tu. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles walipowakamata maofisa wao Waingereza pale kambi ya Colito, tunasema maasi ya wanajeshi na hakuna anayebisha, maana wale walikuwa wamekula kiapo cha kutii. Lakini ya mwaka 1905 hadi 1907 kule kusini tunaita Vita vya Maji Maji. Mjerumani aliita uasi, sisi tukasema vita, kwa sababu hao wazee hawakuwahi kukubali kwamba Mjerumani ni wa kutiiwa. Mambo yanafanana, watu wameshika silaha dhidi ya wenye mamlaka, ila neno linabadilika kulingana na nani tunamwona ana haki ya kutawala.

Sasa vuka ziwa. Mwaka huo huo wa 1964 mashariki ya Kongo iliinuka dhidi ya serikali, wapiganaji wakajiita Simba, Agosti wakaishika Stanleyville ambayo leo ni Kisangani, na Septemba Christophe Gbenye akatangaza serikali yao hapo. Wakienda vitani walinyunyiziwa dawa na waganga na wanapiga kelele "Mai Mulele!", maji ya Mulele, yaani Pierre Mulele aliyeanzisha uasi wa Kwilu upande wa magharibi, wakiamini risasi zitageuka maji. Na Kigoma yako imo humo kwenye hadithi, maana Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivukia hapo hapo na wenzake kutoka Cuba kwenda kuwasaidia, na yeye na wenzake wakapewa majina ya Kiswahili ya kuhesabu, Víctor Dreke akawa Moja, Martínez Tamayo akawa Mbili, Che mwenyewe Tatu. Kufika Novemba walikuwa wameshaondoka.

Mmoja wa viongozi wa upande huo wa ziwa alikuwa Laurent-Désiré Kabila. Mfuate huyu mtu mmoja uone neno muasi linavyomzunguka. Miaka ya 60 ni muasi. Oktoba 1996 anatokea Lemera akiwa msemaji wa AFDL, muungano wa wapiganaji, muasi tena, anayemuasi Rais Mobutu. Tarehe 17 Mei 1997 majeshi yake yanaingia Kinshasa, sasa ni rais, anayemkatalia ndo muasi. Na Agosti 1998 waliomsaidia kuingia, Rwanda na Uganda, wanamgeuka, kundi jipya la RCD linazaliwa Goma, mwenyekiti wake wa kwanza ni Profesa Ernest Wamba dia Wamba ambaye alikuwa akifundisha historia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na redio zetu zote zinasema waasi wa RCD. Ni sahihi kabisa, walikuwa wanaiasi serikali ya Kinshasa.

Lakini RCD ndio waliotawala Goma, Bukavu na Uvira mpaka mwaka 2003, na waliowapinga huko vijijini ni Mai-Mai. Sasa hapo Mai-Mai alikuwa muasi wa nani? Wa RCD, ambao wenyewe ni waasi? Oktoba 2002 Mai-Mai waliingia Uvira wakaishika kwa siku chache, na mtu aliyekuwa Uvira wakati ule akiambiwa leo "waasi wa Mai-Mai" anaona umempanga upande mmoja na wale waliokuwa wanamtawala kwa bunduki. Ndo hasira ya mteja wako ilipotoka. Hata mkataba wa amani wa Pretoria wa Desemba 2002 uliwaweka Mai-Mai kama upande unaojitegemea, kando ya serikali, RCD na MLC, kundi jingine la waasi, la Jean-Pierre Bemba.

Ila na yeye nisimpe haki yote. Septemba 2017 Mai-Mai wa kiongozi aitwaye Yakutumba walipigana na jeshi la serikali mpaka karibu na huo huo mji wa Uvira, na hapo waasi ndo neno lake, hakuna jingine. Kuwaita watoto wetu hakubadilishi kitu kwenye lugha, wala hakuwafuti machozi wanavijiji walioporwa na watoto hao. Ushauri wangu ni kwamba ukitumia muasi uwe tayari kujibu swali dogo, amemuasi nani? Ukiwa na jibu, endelea. Kama huna, sema wapiganaji wa Mai-Mai, au kundi la Mai-Mai, hujamdanganya mtu wala hujamtukana mtu. Na M23 ni waasi kwa kipimo hicho hicho: wengi wao walikuwa ndani ya jeshi la taifa, wakatoka 2012 wakidai makubaliano na serikali ya tarehe 23 Machi 2009 hayakutekelezwa, jina lenyewe limetoka kwenye hiyo tarehe. Askari aliyeacha utii wake, hiyo ni kuasi kwa maana ya kamusi.

Wanamgambo. Hili mimi linanikera kidogo. Mgambo asili yake ni mwito, wazee wanasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, pembe inapigwa watu wanakusanyika. Kwa Tanzania mgambo ni mtu wa serikali, anafunzwa, anajulikana mpaka kwa mjumbe wake. Redio wakachukua wanamgambo kutafsiri kila kundi lenye silaha ambalo si jeshi, matokeo yake msikilizaji wa Kigoma anachanganyikiwa, na ana haki. Sio kosa, limeshaenea, ila linafaa zaidi kwa raia waliojikusanya kulinda eneo lao. Kwa maana hiyo Mai-Mai wengi wanaingia humo vizuri kuliko M23.

Muasi au mwasi? Kwa Kiswahili zote mbili zipo, utazikuta zimeandikwa. Mimi nakuomba uandike muasi, na sababu yangu ni huyo huyo mteja wako: kwa Kilingala mwasi ni mwanamke, au mke wa mtu. Wakongo wengi wanazungumza lugha zote mbili, hebu fikiria anasoma kichwa cha habari "Mwasi auawa Goma", anaelewa ameuawa mwanamke! Na kwa Kilingala wao muasi wanamwita motomboki, kutoka kotomboka, kuinuka kwa kukataa, ambalo ni ndugu wa kotombola, kunyanyua kitu. Humo ndo utalielewa jina la Raia Mutomboki, kundi lililoanzia Shabunda, Kivu Kusini, mwaka 2005. Watu wa pwani wakilisikia hushtuka kwa sababu linafanana na tusi letu, lakini halina undugu nalo, maana yake ni raia aliyeinuka kwa hasira. Na ona wao hawakuona haya kujiita waliokataa, maana wameanza na raia: kwao wao ndio wenye nchi.

Majina mengine nayo yasome kwa sikio la huko. Mai-Mai ni maji-maji, Kiswahili cha Kongo kinasema mai au mayi. Bakata Katanga wa Gédéon Kyungu, walioingia Lubumbashi Machi 2013, ni ba-kata, sisi tungesema wakata-Katanga, watu wa kuikata Katanga iwe nchi yake. Siku hizi makundi mengi yanayopigana na M23 upande wa serikali yanaitwa Wazalendo, na jina hili lina kazi ile ile kama la waasi ila limegeuzwa, linamhukumu mtu mapema. Ukiandika habari andika Wazalendo kwa herufi kubwa ijulikane ni jina la kundi, sio sifa unayowapa wewe.

Hukuuliza hili lakini nalisema maana naliona kila siku: M23 imeteka, wameteka, au limeteka? Waasi wa M23 wameteka. Kundi la M23 limeteka. M23 peke yake, imeteka au wameteka, chagua moja usizichanganye kwenye sentensi moja. Na kundi likigawanyika ndani, kama RCD ilivyovunjika mwaka 1999 wengine wakabaki Goma na wengine wakahamia Kisangani na Wamba, hivyo vipande viite mirengo, "RCD mrengo wa Goma", usiite vyama mpaka vijisajili.

Kadogo je? Nalo utalisikia kwa mteja wako. Ni ka-dogo, kile kiambishi cha ka- ambacho kwetu kimebaki kwa kudharau au kubembeleza, Kongo kinafanya kazi kila siku. Hivyo ndo walivyoitwa watoto walioingia Kinshasa 1997 na AFDL, wengine bunduki inakaribia kuwapita kimo. Nimeona watu wanawaandika "waasi watoto". Usiandike hivyo. Mtoto wa miaka 11 aliyeokotwa njiani akavishwa buti hajamuasi mtu yeyote, andika watoto waliotumikishwa vitani, au waache na jina lao, kadogo.