Uzamili wa Mitandao ya Kompyuta Ng'ambo: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Nina shahada ya kwanza ya teknolojia ya habari na natafuta uzamili nje ya nchi. Kozi moja inaitwa mitandao ya kompyuta, nyingine mifumo sambazwa, nyingine mawasiliano ya simu. Zinatofautianaje?

JIBU: Ndugu msomaji, jina la kozi liache kwanza, fungua orodha ya masomo ya muhula wa kwanza. Mawasiliano ya simu kwa kawaida huwa chini ya uhandisi wa umeme: mawimbi, antena, hisabati nzito. Ambaye hajawahi kusoma hisabati ya Fourier ya kuchambua mawimbi wala nadharia ya uwezekano ataelemewa mapema. Mifumo sambazwa ni uandishi wa programu hasa: kompyuta kadhaa zikubaliane juu ya data ileile hata mojawapo ikizimika, na mara nyingi utatakiwa kuiandika mwenyewe algorithimu kama Raft. Mitandao iko katikati, na hubeba itifaki (kanuni za mawasiliano) za kuelekeza pakiti, yaani vipande vya data, kama OSPF na BGP, udhibiti wa msongamano katika TCP, itifaki inayohakikisha data inafika kamili na kwa mpangilio, na usalama. Kwa historia yako ya masomo, tungeanzia hapo.

Angalia na muda. Katika ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu krediti za masomo, mwaka mmoja ni krediti 60, hivyo uzamili wa miaka 2 ni 120, na tasnifu peke yake aghalabu huchukua 30. Uingereza wengi humaliza kwa mwaka 1: krediti 180 za kwao, sawa na 90 za ECTS. Anayewaza uzamivu aulize mapema kama 90 zitakubaliwa huko anakotaka kuendelea.

SWALI: Alama zangu ni nzuri, lakini vyuo 2 vimenikataa kwa kuwa masomo yangu ya awali "hayatoshi".

JIBU: Wachujaji wa maombi, hasa Ujerumani, huhesabu krediti kwa mafungu: hisabati, uandishi wa programu, mifumo ya uendeshaji. Wastani mzuri hauzibi fungu lenye upungufu. Pengine hukupungukiwa kweli. Somo lililoandikwa "Kompyuta II" halimwambii mtu yeyote kilichofundishwa ndani yake. Ambatisha maelezo ya kila somo: mada, saa za darasani na za maabara, krediti, kitabu kilichotumika, na yapigwe muhuri wa idara. Barua za mapendekezo ziandikwe na wahadhiri waliokusahihishia kazi. Barua ya mkubwa wa kazini asiyejua ulivyosoma haisaidii sana.

SWALI: Nimebakiwa na miezi 6 kabla ya kuanza. Nijiandae vipi?

JIBU: Hamia mfumo wa uendeshaji wa Linux na ufanye kazi zako zote humo. Gawa anwani za IP kwa mkono hadi usihitaji kikokotoo: fungu la anwani linaloandikwa /26 lina anwani 64, na za kupangia vifaa ni 62. Nasa pakiti kwa Wireshark, programu ya kuchungulia data inayopita mtandaoni, uzione zile 3 zinazofungua muunganisho wa TCP.

Kisha andika seva ndogo kwa lugha ya C. Hapa ndipo wengi hukwama: hudhani ujumbe uliotumwa mara moja utapokelewa mara moja. TCP husafirisha mfululizo wa baiti na haijui ujumbe unaishia wapi, kwa hiyo recv, amri ya kupokea data, inaweza kukupa nusu yake, au jumbe mbili zilizoshikana. Kwenye kompyuta moja programu huonekana nzima. Ikipita mtandao halisi huanza kuharibu data. Tanguliza baiti 4 zinazotaja urefu wa ujumbe, halafu rudia kusoma mpaka urefu huo utimie. Ukishaielewa hiyo, jenga mtandao wa ruta kadhaa ndani ya Mininet, programu ya kuigiza mtandao kwenye kompyuta moja, ukate kiungo kimoja na utazame njia mpya inavyopatikana.

SWALI: Pesa za kuonyesha kwa viza ya mwanafunzi ya Uingereza zikae benki muda gani?

JIBU: Siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hesabu hiyo isizidi siku 31 kabla ya kutuma ombi. Salio likishuka chini ya kiwango hata siku moja, hesabu inaanza upya. Kagua na cheti chako cha IELTS, mtihani wa Kiingereza: huhesabika kwa miaka 2 tu.