Nilimnyang'anya mwanangu mpira ili asome

Wiki jana mama mmoja wa Nyamasaria, Kisumu, aliniandikia saa tano usiku. Binti yake yuko Gredi ya 6, KPSEA, ule mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, inakaribia, na mtoto anacheza netiboli tangu akiwa Gredi ya 4. Shangazi mtu ameshauri atolewe kwenye timu, atulie na vitabu. Ujumbe uliishia hivi: "Mama, wewe uliyepitia haya, nimtoe?"

Nilikusudia kumjibu kwa mistari miwili. Nilipofika wa ishirini nikaona heri niandike hapa, kwa sababu swali hilohilo lilinijia mimi miaka miwili iliyopita, na jibu nililotoa bado linaniuma.

Tunakaa Kiamunyi, hapa Nakuru. Kifungua mimba wangu nitamwita Kijana tu, maana siku hizi anasoma ninayoyaandika. Alikuwa Gredi ya 4 mwalimu wake wa darasa aliponiita shuleni. Nilidhani tutazungumza ofisini. Tulizungumza koridoni, wazazi watatu wakiwa kwenye foleni ya karo nyuma yangu. Mwalimu akasema kwa sauti ya kusikika, "Mama, huyu mtoto wako hana makalio ya kukalia kiti." Mmoja wa wale wazazi akacheka. Kisha nikaonyeshwa karatasi yenye vijistari vya kalamu nyekundu: kwenye kipindi kimoja cha hesabu Kijana alikuwa ameinuka mara kumi na nne. Kuchonga penseli, kwenda dirishani, kuokota kifutio, kuokota kifutio tena. Nikaambiwa ameshachukuliwa hatua, wenzake wakitoka uwanjani yeye hubaki darasani kumaliza kazi.

Siku hiyo hilo lilinipa faraja. Nilishukuru kabisa, na mkono nikatoa. Ilinichukua miezi kuona kwamba mtoto asiyeweza kukaa alikuwa akiadhibiwa kwa kukalishwa.

Nikafika nyumbani na fedheha yangu na nikaimalizia kwake. Alikuwa na viatu vya mpira, vyeusi vyenye mstari wa kijani, babake alimnunulia mtumba na Kijana akavishona mwenyewe kwa sindano ya magunia vilipoachia pembeni. Nikavitia kwenye mfuko, nikavuka barabara, nikampa mtoto wa jirani. Mbele ya Kijana. Nikamwambia atarudishiwa "siku akili itakaporudi." Nikatafuta mwalimu wa kumfundisha Jumamosi asubuhi na jioni mbili za wiki.  

Hesabuni siku yake. Saa kumi na mbili na dakika ishirini yuko ndani ya gari la shule. Anatoka garini hadi kwenye dawati, anatoka dawatini hadi chooni na kurudi, kisha gari tena, kisha meza ya kulia chakula na homuweki mpaka saa tatu usiku. Nadhani kuku wangu wa kufungiwa bandani walikuwa wakitembea kuliko yeye. Na jioni, kupitia matundu ya geti, alikuwa akitazama viatu vyake vikikimbia kwenye miguu ya mwenzake. Hakulia. Alikuwa ananiuliza tu, kwa upole, "Mama, anavifunga kamba vizuri?"

Mwisho wa muhula ripoti ikaja: alikuwa ameshuka. Kiswahili kutoka kufikia matarajio hadi kukaribia matarajio, ngazi moja chini, hesabu palepale chini. Nilikuwa nimelipa pesa ili mtoto ashuke.

Nitaruka miezi ya katikati, haina jipya ila kelele zangu.

Likizo ya Aprili tukampeleka kwa kukhu yake, yaani nyanya yake, Butere. Sikumpeleka kwa hekima yoyote, msaidizi wangu alikuwa ameenda kwao. Kukhu hana habari za umakini. Alimtuma mtoni, akamtuma posho mill, akamwachia ndama mmoja mtundu asiyekubali kufungwa, na mchana wote kukawa na mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, na mpira wa matambara (mpira wa karatasi za plastiki umeadimika tangu zilipopigwa marufuku mwaka 2017, watoto wa kijijini wamerudia nguo kuukuu na sisali). Nilipoenda kumchukua nilimkuta kibarazani, magoti yana vumbi, anamsomea babu yake gazeti la juzi. Babu macho hayaoni vizuri. Nilisimama nyuma ya mwembe na simu mkononi nikihesabu dakika kama mpelelezi. Dakika ishirini na mbili. Hakuinuka hata mara moja. Alipokosea neno, babu alimwambia "rudia," naye akarudia.

Ndipo nikaanza kusoma, kwa hasira ya mtu aliyedanganywa na yeye mwenyewe. Nikakuta kwamba mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, akiwemo Charles Hillman, walichukua watoto 20 wa miaka tisa hivi. Siku moja waliwatembeza dakika 20 kwenye mashine ya mazoezi, siku nyingine wakawakalisha tu kwa muda uleule. Mapigo ya moyo yakaachwa yatulie, kisha wakapewa jaribio la umakini na la masomo. Baada ya kutembea walijibu kwa usahihi zaidi, na kusoma kwa ufahamu kukawa bora. Kutembea tu! Wala si mbio za Eldoret. Shirika la Afya Duniani nalo linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za mwili kufanya kazi ya kutosha kumfanya aheme. Wangu alikuwa akipata labda sita, na hizo ni za kwenda chooni.

Wanavyoeleza wataalamu, moyo ukidunda damu huongezeka kichwani, na mwili hutoa kemikali zinazousaidia ubongo kuwa macho na kushika jambo. Mimi naelewa kwa mfano wa jiko la makaa. Usipolipepea utakaa na sufuria mpaka usiku.

Sasa tunafanya nini? Kidogo sana, msitarajie ratiba ya kubandika ukutani. Gari la shule tulilikatisha upande wa asubuhi, anatembea na wenzake wanne, kama dakika ishirini na tano, na mzazi mmoja kwa zamu. Akirudi haguswi. Hakuna "leta begi nione." Anatoka nje kwanza, atoke jasho, anywe maji, ale, ndipo vitabu. Homuweki ikizidi nusu saa anainuka, anaruka kamba mara mia, anarudi. Jedwali la kuzidisha la saba na la nane amelishika akiruka kamba, kila mruko jibu moja. Jumamosi moja moja tunapanda upande wa Menengai mpaka mimi nishindwe, na mimi hushindwa mapema.

Nimekosea pia, msidhani nimekuwa mtaalamu. Kuna wakati nilinunua saa ya kuhesabia sekunde na daftari, nikawa naandika kasi yake kila jioni. Wiki ya pili akaanza kujificha bafuni. Nilikuwa nimegeuza mchezo kuwa mtihani mwingine. Daftari lile sasa ni la madeni ya maziwa. Tena msimwache akimbizane usiku karibu na kulala. Wangu hubaki akikodolea dari macho usiku mzima, na kesho yake ni mzigo darasani.

Wazazi wenzangu, najua mnachotaka, kwa sababu mimi pia nakitaka. Shule nzuri ya sekondari, mtoto asimame mbele ya watu aongee, wale waliocheka koridoni wafunge midomo. Lakini acheni kuwapokonya watoto michezo kila wanapofanya vibaya. Mtoto akipata alama mbaya, humnyimi chakula cha jioni. Basi kwa nini unamnyima uwanja? Na mkiona kipindi cha michezo kimegeuzwa cha hesabu, msinyamaze kama nilivyonyamaza. Nendeni shuleni, ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni. Mimi nilienda muhula uliofuata, nikamwambia mwalimu yuleyule kwamba Kijana asibakizwe tena darasani, apewe adhabu nyingine yoyote, hata ya kuokota takataka uwanja mzima. Alinitazama kama niliyechanganyikiwa. Lakini siku hizi Kijana ndiye anayefuta ubao na kugawa vitabu, kazi za kusimama, na wazo hilo lilikuwa la mwalimu mwenyewe. Nampa haki yake.

Kuna watoto ambao kutotulia kwao kunahitaji daktari. Ukiona mtoto anahangaika nyumbani, shuleni, kanisani, kote, mpeleke hospitali, usimwachie kamba ya kuruka peke yake.

Kijana sasa yuko Gredi ya 6 kama binti wako, mama wa Nyamasaria. Kiswahili chake ni kuzidisha matarajio, na ndiyo, nimepiga picha ile ripoti na kuituma kwenye kundi la familia mara mbili. Hesabu bado ni kukaribia. Mwalimu aliandika pembeni "anatulia zaidi," maneno mawili, na nimeyasoma pengine kuliko Zaburi.

Kwa hiyo usimtoe. Mwache amalize msimu na wenzake, shangazi mwambie mimi ndiye niliyekataza. Kama viatu vyake vimechoka, soko la Kibuye hapo Kisumu, Jumapili asubuhi, utapata vizuri ukiwahi.

Vile vya mstari wa kijani niliviendea mwaka jana. Nilibisha kwa jirani, nikaeleza, nikaomba. Mama mtu akavileta, vimepigwa brashi, kamba mpya. Nikambebea Kijana mbio. Alivijaribu kitandani, kisigino hakikuingia. Akavigeuza, akatazama pale alipokuwa ameshona, akasema uzi umeshika. Kisha akavuka barabara akavirudisha.