Chupa ya sukari inayopima kijiko: majibu yangu baada ya miaka minne ya kuitumia Tanga

Dada mleta uzi, habari za kazi. Umeuliza kama hizi chupa zinazotoa kijiko kimoja cha sukari kila ukiziinamisha zinapima kweli, kama zitakusaidia kwa mzazi mwenye kisukari, na kama ile ile unaweza kuweka maziwa ya unga ya mtoto. Nimeona wadau wengi wamekujibu "nunua tu" au "ni urembo wa mezani". Mimi ninayo jikoni mwaka wa nne huu, nimeipima, imeziba, nimeifungua, imesababisha maneno na mama yangu mzazi, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Nianze na kwa nini niliinunua. Baba yangu alipoambiwa hospitali kwamba ana sukari, daktari alimuuliza anaweka vijiko vingapi kwenye chai. Akajibu vitatu, na hakudanganya. Tatizo lilikuwa kijiko chenyewe. Wazee wetu walikuwa na maneno mawili ya kupimia nafaka, kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Mfuto ni kile kilichosawazishwa juu kwa kiganja, tele ni kile chenye kilima. Kijiko cha baba kilikuwa cha tele, tena tele ya mtu anayechota kutoka kwenye bakuli lililojaa. Siku moja nilichota vijiko kumi kwa mkono wake huo huo nikavipeleka dukani kwa mangi kwenye mizani. Gramu 80. Kijiko cha chai cha mfuto ni gramu 4 na kidogo. Yaani baba akisema vitatu, alikuwa anakunywa karibu sita.

Sasa weka hesabu hiyo mbele ya ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015: sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, hiyo ni gramu 50, na bora zaidi 25. Baba alikuwa anakaribia kuzimaliza zile 25 kwenye kikombe cha asubuhi, kabla hajagusa andazi. Na ushauri huo ni wa watu wote, hata wasio na ugonjwa.

Kumwambia mzee wa miaka sabini "futa kijiko chako" kila asubuhi mbele ya wajukuu ni jambo zito. Nilijaribu siku mbili nikaona linamuumiza. Ndipo nikatafuta kitu ambacho kingefanya kazi hiyo bila mtu kumsimamia.

Niliyonunua ni ya kioo, ina mfuniko wa stili wa kuzungusha, na katikati ya mfuniko umepita mrija. Huo mrija ndio siri yote, kwa hiyo ujue unavyofanya kazi kabla hujatoa pesa. Juu unachomoza kama mdomo wa birika, chini unashuka ndani ya chupa hadi karibu na kitako, na huko chini umekatwa mshazari. Chupa ikiwa imesimama, mdomo wa chini umezama kwenye sukari na sehemu ya mrija imejaa. Ukiipindua, sukari iliyomo ndani ya mrija inatoka, na ile nyingine yote inaangukia upande wa mfuniko, ikiuzunguka mrija kwa nje. Mdomo wa ndani sasa uko juu, mbali na sukari, hivyo hakuna kinachoingia tena. Ndiyo maana inakata yenyewe. Ukiisimamisha, sukari inarudi chini na mrija unajaa upya. Hakuna springi wala betri.

Ukishaelewa hivyo utaelewa pia mambo matatu ambayo karatasi iliyokuja na yangu haikuyasema.

Kwanza, usiijaze hadi shingoni. Ukiijaza sana, hata ukiipindua mdomo wa ndani unabaki umefunikwa na sukari, na inamwagika bila kukata. Siku ya kwanza nilijaza kwa furaha, kikombe cha mdogo wangu kikapata sukari ya wiki nzima. Theluthi mbili inatosha.

Pili, isimamishe wima kabisa kati ya kipimo na kipimo, uigonge kidogo mezani. Ukiitikisa tu hewani kama chupa ya chumvi, kipimo cha pili kinatoka nusu.

Tatu, na hili ndilo la kumjibu aliyeuliza kama inapima kweli: kipimo hakikai pale pale. Nilipima mara 20 chupa ikiwa theluthi mbili, nikapata gramu 92, sawa na gramu 4.6 kwa kipimo. Nikarudia ikiwa imebaki vidole viwili kutoka chini, mara 20 zikatoa gramu 58 tu, yaani hata gramu 3 hazifiki. Kwa chai, hilo halina madhara. Lakini mtu asikuambie kwamba hiki ni kifaa cha kupimia keki. Kinachopima ni ujazo wa mrija, tena siku ambayo sukari ni kavu na inateleza.

Na hapo ndipo tunafika kwenye taabu ya kweli, hasa kwa sisi wa pwani: unyevu.

Sukari yetu ya nyumbani, iwe ya viwanda vya Kilombero, Mtibwa, Kagera au TPC, nyingi ni ya kahawia. Ile rangi ni utomvu wa miwa uliobaki kwenye punje, na utomvu huo hushika unyevu wa hewa. Masika Tanga ukiacha mfuko wazi usiku mmoja, asubuhi unachota mabonge. Kwenye bakuli bonge unalivunja kwa kijiko. Kwenye mrija bonge moja dogo kama punje ya choroko linatosha kuziba njia, na wewe unabaki unapindua chupa na hakuna kinachotoka.

Lakini hewa ya bahari siyo iliyoniziba zaidi. Kilichoniziba ni mvuke wa chai yenyewe. Nilikaa miezi kadhaa nikilaumu sukari, hadi siku moja asubuhi nikamwangalia mdogo wangu anavyoitumia. Alimimina chai ya moto kwanza, kisha akapindua chupa juu ya kikombe, mdomo wa mrija ukiwa vidole vitatu tu kutoka kwenye chai, huku mvuke unapanda moja kwa moja ndani. Nilipouchomoa mrija na kuutazama kwenye mwanga wa dirisha, ukuta wake wa ndani ulikuwa na utando wa kahawia unaong'aa, mgumu kama pipi, na njia iliyobaki ilikuwa nyembamba kuliko penseli. Kumbe hata vile vipimo tulivyokuwa tunapata vilishapungua na hatukujua.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu sukari inatangulia kikombeni, chai inafuata. Ni badiliko dogo, lakini limenipa miezi na miezi bila kuziba. Asiyeweza kuacha desturi yake amiminie kwenye kijiko pembeni, kisha kijiko ndicho kiende kwenye chai.

Mengine ninayofanya: sukari mpya naianika kwenye sinia juani kama saa moja, imefunikwa kwa chandarua, nikaiacha ipoe, nikaichekecha ndipo ikaingia chupani. Mdomo wa mrija naufunika kwa kifuniko kidogo cha chupa ya dawa ya kikohozi, maana yangu haikuja na kifuniko na sisimizi waliujua mlango huo ndani ya siku mbili. Wengi tumezoea kuweka kopo la sukari katikati ya sahani ya maji kuzuia sisimizi. Kwa chupa hii sishauri, unaongeza unyevu kwenye kitu ambacho adui yake ni unyevu. Na ukiiosha, iache wazi kichwa chini siku nzima, kwa sababu tone moja lililojificha ndani ya mrija litakurudisha ulikotoka.

Kuhusu zile za plastiki za kubonyeza kitufe, nilikuwa nayo moja kabla ya hii. Kitufe kinafungua kichumba kidogo, sukari inaanguka. Ilifanya kazi vizuri wiki tatu, kisha punje zikaingia kwenye reli ya kitufe ikawa inakwama wazi. Ya mrija haina kitu cha kukwama.

Sasa mgonjwa wako. Chupa si dawa, na haichukui nafasi ya maelekezo ya daktari wala vipimo vya damu vya asubuhi. Ilichofanya kwetu ni kuondoa kilima kwenye kijiko na kuondoa mabishano. Baba alianza na vipimo vitatu, kama alivyozoea kusema "vitatu", na hapo hapo alishuka kutoka gramu 24 kwa kikombe hadi kama 14. Baada ya miezi miwili akafika viwili, baadaye kimoja, mwenyewe, kwa sababu aliweza kuhesabu na hesabu ilikuwa ya kweli. Sasa chai ya jioni anakunywa bila sukari, na tangawizi tu. Kwa nyumba nzima, watu watano na vikombe kama kumi kwa siku, kilo moja iliyokuwa inaisha siku ya tano sasa inafika siku ya tisa au ya kumi.

Nikuonye na jambo moja la kibinadamu. Mama alikasirika, na alikuwa na haki yake. Kwetu mgeni hapimiwi sukari. Siku shangazi alipokuja kutoka Pangani, nikamwekea chupa mezani, mama alinyamaza hadi mgeni alipoondoka, kisha akaniambia, "Mwanangu, umempimia wifi yangu sukari kama unampa dawa." Nilimwomba radhi. Tangu hapo mgeni akija, bakuli la sukari na kijiko ndivyo vinavyotoka kabatini, na chupa inabaki jikoni kwa ajili yetu. Ukifunga hesabu ya afya kwa kuwavunjia watu heshima, haitadumu ndani ya nyumba.

Maziwa ya mtoto: tafadhali usiweke. Hapa nakuomba kabisa. Kila kopo la maziwa ya kopo ya watoto lina kijiko chake ndani, na vijiko hivyo havilingani kati ya aina moja na nyingine. Kinatakiwa kijazwe na kusawazishwa mfuto, kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye kopo hilo hilo. Unga ukizidi, figo za mtoto zinaelemewa na anaweza kukaukiwa maji. Ukipungua, mtoto hapati chakula. Umeona jinsi chupa yangu ilivyoshuka kutoka 4.6 hadi chini ya 3 kwa sukari, ambayo ndiyo inayoteleza kuliko unga mwingi. Maziwa ya unga yana mafuta, yananata kwenye mrija, na mvuke wa maji ya moto unayageuza gundi. Halafu kuyahamisha kutoka kopo lake ni kukaribisha uchafu.

Vivyo hivyo kwa maji ya chumvi na sukari ya mtu anayeharisha. Pakiti za kituo cha afya au duka la dawa ndizo za kwanza. Ukikosa, kipimo kinachojulikana ni lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya mfuto. Tumia kijiko na kisu cha kufutia, usitumie chupa hii, kwa sababu chumvi ikizidi pale ni hatari.

Unga mwingine nimejaribu kwa udadisi. Chumvi kavu inapita vizuri ila inaanza kula stili ya mrija. Kahawa ya unga ya kuyeyuka inanyonya unyevu na kuwa kama lami. Tangawizi na masala ya chai yana nyuzi, yanaziba siku hiyo hiyo. Sabuni ya unga usiijaribu hata kama itapita: chupa mbili zinazofanana, moja ya sukari na moja ya sabuni, kwenye nyumba yenye watoto, hapana.

Umesema dukani kwako kuna mbili, ya kioo na ya plastiki ya kubonyeza. Chukua ya kioo, lakini kabla hujalipa mwombe muuzaji uufungue mfuniko uone kama mrija unachomoka, maana usiochomoka hutaweza kuusafisha. Nenda na sukari robo kilo kwenye mfuko ujaribu pale pale. Ukifika nyumbani pima mara 20, peleka kwenye mizani ya mangi, gawa kwa 20, na uandike namba hiyo kwenye kipande cha plasta ubandike chini ya chupa. Kisha rudi hapa utuambie umepata gramu ngapi, kwa sababu mirija inatofautiana na ningependa kujua ya kwako.