Kufuta "amba-" si kufundisha kirejeshi

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Gredi ya 6, kaunti ya Kitui. Wanafunzi wangu wanalijua jedwali la amba- kwa ngeli zote, hata wanaliimba. Lakini kwenye insha nakutana na "mtoto ambaye aliyeanguka", "mgeni ameyefika" na "kitabu mwalimu alichonunua". Mwenzangu ananishauri nitumie ile mbinu ya "futa amba-, chomeka kilichobaki" kwa kuwa mtihani umekaribia. Je, nimfuate? Na ni afadhali nianze na amba- au na -o- rejeshi (silabi ya ndani ya kitenzi inayorejelea nomino, kama -ye- katika "aliyeanguka" au -cho- katika "kinachovuja")?

JIBU: Usimfuate, mwalimu. Makosa mawili kati ya hayo matatu ni mazao ya mbinu hiyo hiyo unayoshauriwa, na sitashangaa ukigundua kwamba watoto wako walishaipata kwingine kabla hawajafika kwako. Kila muhula naulizwa swali hili kwa sura tofauti, na kila nikichimba nakuta futa-na-chomeka imelala chini.

Ngeli si tatizo lako. Kwa hiyo wimbo wa "ambaye, ambao, ambacho, ambavyo" waachie, hauna madhara, ila usitarajie utatibu ugonjwa ambao haupo.

Hebu tuifuate mbinu yenyewe. "Mtoto ambaye alianguka": futa amba-, inabaki -ye, ichomeke baada ya -li-, unapata "aliyeanguka". Sahihi. "Kikombe ambacho kinavuja": "kinachovuja". Sahihi tena. Darasa linapiga makofi, mwalimu anatoka akiamini kwamba amba- ni -o- iliyorefushwa tu, au -o- ni amba- iliyofupishwa. Sasa mpe mtoto sentensi ya tatu: "Mgeni ambaye amefika." Futa, chomeka: "mgeni ameyefika". Unamwekea mkasi kwa wino mwekundu, ilhali ametii maagizo yako barabara! Hakuna aliyemwambia kwamba -me- haikai na -o-.

Endelea. "Mgeni ambaye atafika" inazaa "atayefika", umbo unalolisikia siku hizi hadi redioni. Kiswahili sanifu kinataka "atakayefika". "Mgeni ambaye hakufika" inazaa "hakuyefika", wakati umbo lenyewe ni "asiyefika", ambamo ha- imetoka, -ku- imetoka, na wakati uliopita umetoka nayo. "Mgeni ambaye hajafika" haina mwenzake wa -o- kabisa; ukisema "asiyefika" umesema jambo jingine. "Ambaye angefika" vivyo hivyo. Na "kikombe ambacho ni kichafu"? Utachomeka wapi, kwenye ni? Jibu ni "kikombe kilicho kichafu", na hiyo -li- ya hapo wala si ya wakati uliopita. Mbinu inayofanya kazi kwa -li- na -na- peke yake haistahili kuitwa kanuni.

Kosa lako la tatu nalo lina asili hiyo hiyo. "Kitabu ambacho mwalimu alinunua" ni sentensi nzuri. Ukiifuta na kuchomeka bila kugusa kitu kingine, "mwalimu" anabaki amesimama kati ya kitabu na kitenzi chake. Kitenzi chenye -o- kinataka kukaa ubavuni mwa nomino kinayoirejelea: "kitabu alichonunua mwalimu". Kwa hiyo mtoto hahitaji kuhamisha silabi moja tu, anahitaji kuisuka sentensi upya. Na hapo hapo mwonyeshe kwamba a- ni ya mwalimu na -cho- ni ya kitabu. Mwanafunzi asiyeona kwamba kitenzi kimoja kinaweza kupatana na nomino mbili kwa wakati mmoja ataendelea kuandika "kitabu ambaye mwalimu alinunua" hata akiimba jedwali usingizini.

Sasa lile la "ambaye aliyeanguka", ambalo ndilo sugu kuliko yote. Huyo mtoto amepatanisha vizuri, tena mara mbili. Kosa lake ni kwamba amerejesha mara mbili. Ameambiwa maumbo haya mawili ni kitu kimoja, basi akaona akiyatumia yote sentensi itapendeza zaidi. Mpe penseli apigie mstari kila -ye, -cho, -lo au -zo inayomrejelea mtajwa mmoja. Akipata mbili, moja iondoke. Hapo halazimiki kukumbuka amba- wala -o-, anahesabu tu.

Uanze na kipi? Najua huenda kitabu chako kinaanza na amba-. Mimi ningeanza na -o-, kwa sababu mtoto wa Gredi ya 6 anayo tayari mdomoni. Muulize "Nani aliyefuta ubao?" atakujibu "Aliyefuta ni huyu" bila kusita. Andika ubaoni yale wanayoyasema wenyewe, -li- na -na- kwanza, kisha -taka-, kisha -si- ya ukanushi. Wakishazoea, waletee sentensi mbili wazifanye moja: "Mgeni amefika. Mgeni anaitwa ndani." Waache wahangaike. Watajaribu "ameyefika", wengine watacheka, na hapo ndipo amba- inapoingia darasani ikiwa na kazi yake: kubeba urejeshi pale ambapo -me-, -ja-, hu- na -nge- zimeukataa. Mtoto aliyekutana nayo hivyo haichanganyi tena na -o-.

Tahajia usiipite. "Wanaomba" na "wanaoomba" si neno moja, wala "waliona" na "walioona". Hizo o mbili moja ni ya kirejeshi na nyingine ni ya mzizi. Wasomee kwa sauti, wazisikie.

-o- ya tamati waachie methali ziwafundishe: "Lisemwalo lipo, kama halipo laja", "Kikulacho ki nguoni mwako". Humo hamna kiambishi cha wakati, na wataona kwamba "neno ambalo husemwa", lililokataa -o- ya kati, linapata nafasi huku mwishoni.

Lakini nisikulaumu wewe wala mwenzako peke yenu. Mbinu hii inaishi kwa sababu inalipa. KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6 iliyoanza mwaka wa 2022, ina maswali ya kuchagua A, B, C au D, na kwenye swali la kuchagua futa-na-chomeka inaweza kubahatisha alama. Wauzaji wa vijitabu vya marudio wanalijua hilo. Wanabana virejeshi vyote kwenye ukurasa mmoja, wanaupa jina la "siri" au "njia ya mkato", mzazi anatoa pesa, na mwalimu wa sekondari ya msingi anapokea mtoto anayejua kuchagua asiyejua kuandika. Wapo hata wanaoahidi sarufi yote ya Gredi ya 4 hadi ya 6 kwa wikendi moja. Sarufi gani hiyo? Ukichunguza ni majedwali matupu, na mazoezi yote yako katika -li-, kwa sababu katika -li- mbinu haiumbuki kwa urahisi.

Kabla ya kuruhusu kijitabu chochote kiingie darasani mwako, fungua mazoezi ya virejeshi utafute sentensi yenye -me-, yenye hu- na ya ukanushi. Kisha geuza nyuma usome majibu. Ukikuta "ameyefika" au "atayefika" kwenye majibu, kirudishe dukani na udai pesa zako.